Chupa Moja Kila Akimwaga Oili

Nesi alikuwa mteja wetu pekee aliyenawa mikono kabla ya boneti kufunguliwa. Sisi mafundi tunanawa baada ya kazi, tena siku tukikumbuka. Yeye akishateremka garini alichukua kidumu cha maji kilichokaa nyuma ya kiti cha dereva, akajimiminia, akajisugua kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajifuta kwa kitenge, ndipo akasema, "Haya, mfungueni tumwone." Hakusema gari. Alisema tumwone, kana kwamba mle ndani amelala mtu. Siku za mwanzo tulimcheka pembeni. Baadaye tukazoea, na mimi nikafika mahali nikiliona tu lile gari lake dogo jeupe likikata kona ya kuingia gerejini kwetu Misunkumilo, naenda kunawa. Nisiponawa alinitazama vidole kimyakimya mpaka nikajisikia vibaya.

Alikuwa ameshastaafu kazi ya wodini nilipoanza kumtengenezea gari, lakini Mpanda nzima iliendelea kumwita Nesi na hakuna aliyehangaika na jina lake lingine. Kupanda gari naye mjini ilikuwa kazi. Aliendesha polepole, kiti amekivuta mbele mpaka usukani unakaribia kumgusa kifua, dirisha wazi hata wakati wa vumbi la kiangazi, na kila bodaboda aliyempita alipunguza mwendo kumwamkia. "Shikamoo Nesi!" "Marahaba, vaa kofia!" Wengi wao aliwapokea yeye siku walipozaliwa, kwa hiyo alijiona ana haki ya kuwagombeza. Kutoka sokoni hadi gereji, njia ambayo mimi naitembea kwa miguu dakika kumi, yeye na gari lake alitumia nusu saa.

Redio ya gari alitutaka tuichomoe waya. Tulimuuliza kwa nini, maana wateja wengine wanakuja kutusumbua tuwafungie spika kubwa zaidi. Akasema, "Siwezi kusikiliza wawili kwa mpigo." Akiendesha alikuwa anasikiliza injini. Aliweza kuniambia, "Ana kasauti fulani nikipanda kilima, upande wa kushoto, kanakuja na kuondoka," na mimi nikifungua nakuta kweli, upande wa kushoto, kitu kidogo ambacho mwenye gari mwingine angekisikia siku kimeshakatika.

Hakuwa mtu rahisi. Siku moja fundi wetu wa umeme, mtu wa maneno mengi, alimwambia, "Nesi, hii nadhani ni plagi." Nesi akafunga boneti. "Nadhani si jibu, baba. Nenda kapime, mimi nipo hapa." Akakaa kwenye benchi akafungua mfuko wake wa karanga. Fundi akapima. Haikuwa plagi. Tangu hapo akimwona anakuja alikuwa anaingia chini ya lori lolote lililopo na kujifanya ana kazi huko, na Nesi alikuwa anaisalimia miguu yake iliyobaki nje. "Hujambo, baba?" anaiambia miguu, na miguu inajibu shikamoo.

Kila Jumamosi alikwenda Karema. Hili ndilo lililomfanya awe na gari, na bila kulielewa hili huwezi kumwelewa Nesi. Dada yake mkubwa aliishi kule karibu na misheni ya zamani, anatunzwa na binti wa ndugu yao, na alikuwa ameanza kusahau. Alianza na majina ya majirani. Akafuata na watoto wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakija kutoka mbali na zawadi anawauliza wametumwa na nani. Mwisho alibaki na mtu mmoja tu kichwani, mdogo wake, Nesi. Kwa Nesi alikubali kuoga, alikubali kula, alikubali kukatwa kucha. Walijaribu kumleta Mpanda akakaa siku nne, akawa analia anauliza ziwa limepelekwa wapi, na siku ya tano alitoka mwenyewe wakamtafuta mpaka jioni. Wakamrudisha.

Nesi aliniambia mambo haya akiwa amesimama pembeni yangu nabadilisha ukanda wa feni. "Nikikosa wiki mbili, ya tatu ananiangalia kwa kunitafuta. Namwona kabisa ananitafuta. Halafu ananipata. Nikikosa zaidi ya hapo, sijui." Akaipiga boneti kwa kiganja, taratibu. "Kwa hiyo huyu hana ruhusa ya kuugua Jumamosi. Umenielewa, fundi?"

Nilimwelewa. Nilikuwa namwelewa kuliko nilivyotaka.

Kwa nini asipande basi? Nilimuuliza. Basi la Karema kiangazi linakwenda, masika linakwenda likijisikia. Likikuta daraja limeliwa na maji linageuza, na abiria anarudi na mizigo yake Mpanda. Yeye na kigari chake alikuwa anapita. Akikwama kijiji chochote njiani wanatoka watu kusukuma, akina mama na watoto mgongoni, kwa sababu nusu ya wale watoto walipita mikononi mwake. Gari dogo unaweza kulisukuma ukiwa unapiga stori, lakini basi hakuna kijiji kinachoweza. Na magoti yake yalikuwa hayataki ngazi za basi, ingawa hilo hakulisema, niliona mwenyewe anavyoshuka garini kwa kushika mlango.

Sasa nifike kwenye chupa.

Gari alilinunua kwa mtumishi mmoja aliyekuwa anahama Mpanda. Yule bwana alimkabidhi funguo, kadi ya gari, na boksi la chupa za dawa ya injini, ile nzito ya kuongeza kwenye oili, inayotiririka polepole kama asali. Akamwambia kila akimwaga oili ya zamani na kujaza mpya, aweke chupa moja. Fundi yeyote akisikia hivyo anaelewa. Injini iliyochoka inagonga na kutoa moshi. Ukiichanganyia kitu kizito inatulia, mnunuzi anasikiliza, anaridhika, anaondoka nayo. Ile dawa haijatibu kitu. Imeziba mdomo wa injini isilalamike. Ukiiweka mara moja kwa shida fulani, sawa. Ukiiweka kila mara, mwaka hadi mwaka, juu ya oili ambayo tayari ina dawa zake zilizopimwa kiwandani, oili inakuwa nzito kupita kiasi, asubuhi inachelewa kupanda juu, na taratibu inajenga tope ndani.

Boksi la yule bwana lilipoisha Nesi akaanza kununua mwenyewe. Alikuja na chupa yake imefungwa kwenye khanga kama mtu anayekwenda kumwona mzazi, anaikabidhi kwa mikono miwili, na anasimama kuhakikisha imemiminika yote. Akiona imebaki kidogo chini anasema, "Usimpunje."

Na huyu ndiye mwanamke aliyekuwa anafukuza watu wasiougua. Kila mtu hapa ana kisa chake cha kwenda kwa Nesi kuomba sindano. Watu wetu wa vijijini wanaamini sindano. Mtu ametembea kutoka mbali, amechoka, anataka achomwe ndipo aone amehudumiwa. Nesi alikuwa anawaambia, "Huna malaria. Una njaa na usingizi. Nenda nyumbani." Mzee mmoja mfugaji, mwenye ng'ombe wa kutosha na sauti ya kutosha, aligoma kutoka mlangoni mpaka achomwe, akasema alikotoka kaskazini manesi wanachoma bila maswali. Nesi alimletea kiti na chai, akamwambia akae hapo mpaka augue. Yule mzee alisimulia kisa hicho mwenyewe gerejini huku anacheka mpaka anakohoa. Hata kwa magoti yake Nesi hakumeza kitu, alisema yanauma kwa sababu ni ya zamani.

Basi nikamtania siku moja. "Nesi, watu unawanyima, gari unalinywesha kila mwezi. Umempima lini?"

Hakucheka. "Mimi sikumwanzishia," alisema. "Nimempokea anatumia. Wodini ukiingia zamu, mgonjwa unapewa na maelezo yake. Huyu anapata hiki, saa hii, kiasi hiki. Hubadilishi kwa sababu wewe unaona vingine. Wangapi wameuawa na nesi aliyeona vingine? Unafuata maelezo mpaka daktari aje abadilishe."

Alikuwa amefanya kazi hivyo maisha yake yote, na watu wako hai kwa sababu alifanya kazi hivyo.

Haukupita muda mrefu, dereva mmoja wa lori aliyekuwa anasubiri tairi zake alimwona na ile chupa akaropoka, "Mama, hizo zinaua injini." Akaendelea na simu yake. Nesi alibaki ameshika khanga. Halafu akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, na kuniuliza kwa sauti ile ya wodini, "Fundi. Wewe ndiye daktari wa huyu. Maelezo niliyopewa ni chupa moja kila nikimwaga oili. Unayabadilisha, au niendelee?"

Mkononi nilikuwa nimeshika kifuniko cha kujazia oili, nimetoka kukifungua. Chini yake kulikuwa na tope jeusi, nene, la kukwangua kwa bisibisi. Nilipochungulia kwenye tundu nikaona na huko ni hivyohivyo. Nilijua pale pale kwamba siku za injini ile zinahesabika.

Niliwaza mambo mengi kwa muda mfupi. Nikisema aache, wiki ijayo injini itaanza kugonga, kwa sababu imezoea kuzibwa, na atakayeonekana ameiharibu ni mimi. Kwetu gerejini mtu wa mwisho kuigusa injini ndiye mwenye ugonjwa wake. Nikisema tuisafishe kwa dawa ya kuyeyusha, lile tope linaweza kubanduka lote kwa pamoja na kwenda kuziba chujio kule chini, gari likafa siku hiyo hiyo. Nikisema tushushe injini tuifungue, vifaa vya aina ile Mpanda havipo, na yeye Jumamosi anakwenda Karema. Dereva wa lori alikuwa ananitazama. Fundi wa umeme alikuwa ametoa kichwa chini ya gari kusikiliza.

Nikarudisha kifuniko. "Endelea tu, Nesi," nikasema.

"Nashukuru, baba," alisema, na akanipa chupa kwa mikono miwili.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mimi nilimjua Nesi kabla ya gari. Mke wangu alipokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza, Nesi alikuwa bado kazini. Tulikuwa wanaume watatu kwenye benchi, tunaongea mpira ili tusiongee lingine. Alitoka, akafunga mlango nyuma yake vizuri, akaja moja kwa moja kwangu. Mikono yake ilikuwa bado na maji. "Baba, njoo tukae huku." Tukakaa. "Mtoto wako hakupona. Mama yake yupo, anakuulizia. Lia kwanza hapa, halafu uingie ukiwa umemaliza." Hakusema Mungu ana makusudi. Hakusema tulijitahidi. Alikaa pale mpaka nikamaliza, akanionyesha bomba la kunawia uso, akarudi kazini. Kabla yake, jirani mmoja aliyetusindikiza alikuwa ameniambia mtoto anapumzika kwanza, na nilikuwa nimeshaanza kufurahi. Nilimchukia yule jirani muda mrefu. Nesi sikumchukia hata siku moja.

Hatukuwahi kuligusia jambo hilo gerejini. Sijui kama alinikumbuka, wanaume wa kwenye benchi walikuwa wengi. Mimi nilimkumbuka kila alipokuwa ananawa.

Baada ya siku ile ya kifuniko nilijaribu kurekebisha kimya kimya, kwa uoga wangu. Alipokuja tena kumwaga oili, alipata simu akasogea pembeni, na mimi nikaimwaga ile chupa nyuma ya gereji kwenye majani. Niliona nimefanya jambo la maana. Baada ya wiki mbili alirudi uso umembadilika. "Kuna sauti mpya. Anagonga asubuhi, kama mtu anabisha hodi. Mlimpa dozi yake?" Nikamwambia tulimpa. Ni uongo wangu wa kwanza kwake, na nilimwambia nikiwa nimenawa mikono. Nikachukua chupa dukani kwa jirani muuza vipuri, nikaiweka, sauti ikatulia. Nesi alifumba macho kusikiliza, akatabasamu, akanishika bega. "Umeona? Ukimruka tu anaugua."

Kuanzia hapo sikuwa na pa kwenda. Nikimpa anakufa polepole, nikimnyima anakufa haraka. Nilibaki kukwangua tope kwenye kifuniko kila akija, ili mwenyewe asilione.

Siku ilipofika alikuwa ameshaipita Kasekese, njia ya Karema, mvua za kwanza zimeanza. Alinipigia simu. Mtandao ulikuwa unakatika lakini yeye aliongea kama anatoa taarifa ya zamu, "Taa ya oili imewaka. Nimezima hapo hapo, sijatembea hata hatua. Nimesubiri, nimechomoa kijiti nikapima, oili imejaa, iko kwenye alama ya juu. Sijawasha tena. Nafanya nini?"

Oili imejaa na taa inawaka. Nilielewa kabla hajamaliza. Chini kumeziba, oili ipo lakini haipandi. "Usiwashe, Nesi," nilimwambia. "Kaa hapo hapo, nakuja."

Nilichukua pikipiki ya kukodi. Nilimkuta nyumbani kwa familia moja ya wakulima kando ya barabara, watu ambao wazazi wao walitoka Burundi na Kiswahili chao bado kina ladha ya kwao. Walikuwa wamempa kiti na maharage, na yeye alikuwa ametoa mashine yake ya presha kwenye mkoba anampima bibi wa nyumba ile. "Bibi yenu kapanda sana," alikuwa anamwambia mama mwenye nyumba. "Nyie mnampa chumvi? Mmpeleke zahanati kesho, msimwambie hana kitu. Mwambieni ana presha, ajue." Kisha akaniona. "Ameshapoa," akaniambia, maana yake gari.

Nilipojaribu kuizungusha injini kwa mkono, ilizunguka kidogo ikakwama. Nikaongeza nguvu. Kukatoka mlio ambao fundi hataki kuusikia. Beringi zilikuwa zimeshakula chuma muda mrefu kabla ya ile taa kuwaka. Nesi alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, amezima mara moja, amepima, amesubiri, ametii. Haikusaidia kitu. Nilisimama pale na spana mkononi nikatamani angekosea japo kitu kimoja, niwe na la kumlaumu.

"Atafika Karema?" aliniuliza.

"Hapana, Nesi."

"Leo?"

"Hafiki kabisa. Injini imenoki, haiwaki tena."

Aliangalia barabara inayoendelea kuelekea ziwani. Ilikuwa Jumamosi. Kule Karema dada yake alikuwa hajaoga, anamsubiri mdogo wake. Mfugaji mmoja wa Kisukuma mwenye trekta alilivuta gari mpaka Mpanda, mwendo wa kutambaa, na Nesi alikataa kukaa kwenye trekta. Alikaa kwenye gari lake mwenyewe, ameshika usukani, mikono miwili, njia nzima.

Gerejini tulifungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Lile tope lilikuwa limekaa kama ugali wa muhogo uliolala, ukiweka kidole shimo linabaki. Bosi wetu alichuchumaa akaangalia, akaniangalia mimi. "Hii haikuanza mwaka huu," alisema. "Hukuwahi kuiona?" Nikasema nilikuwa namwaga oili tu. Alijua nadanganya akaniacha.

Tulitafuta injini. Tuliagiza Mwanza wakatuletea ya namba tofauti, haikukaa. Tukaambiwa ipo Mbeya. Ilipofika ilikuwa imepasuka ubavuni. Masika yakakaza. Basi la Karema likageuza njiani mara ya kwanza, na ya pili, na Nesi alikuwa ndani yake mara zote mbili, na mara zote mbili alirudi na mfuko wa sabuni na mikate akapita gerejini kuuliza kama injini imepatikana. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikuwa ananawa, anachungulia kwenye boneti ambayo ndani yake hamna kitu, anasema, "Haya, baba, tuendelee kutafuta." Wiki tatu zilipita. Nilikuwa nazihesabu kwa sababu alinifundisha kuzihesabu. Ikapita ya tano. Ya saba daraja lilitengenezwa.

Baada ya hapo sikumwona kwa muda mrefu, na niseme ukweli, nilikuwa namkwepa. Nikisikia amepita sokoni naahirisha kwenda sokoni. Sasa mimi ndiye niliyekuwa na miguu chini ya lori.

Nilikutana naye stendi, mchana, nimekwenda kupokea mzigo wa vipuri. Alikuwa amekaa kwenye benchi la abiria wa Karema, na pembeni yake kuna godoro limeviringishwa na kufungwa kamba, ndoo mbili, jiko la mkaa na mabegi. Alisogea kunipa nafasi. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza habari za mke wangu na watoto, wote wawili kwa majina. Nikamuuliza kama anahama.

"Nahamia kwa dada. Nimepangisha nyumba." Akatoa karanga, akanimiminia kiganjani. Tukala. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Fundi, nikuulize kitu. Siku ile nilipokuuliza kama unabadilisha maelezo, ulikuwa umeshampima?"

Ningeweza kusema nilikuwa nadhani tu.

"Nilikuwa nimeshaona, Nesi."

"Uliona."

"Niliona kwenye kifuniko. Nilijua hana muda."

Alitikisa kichwa taratibu, akiendelea kumenya karanga. "Ningeacha ile chupa. Ningegomba sana, unanijua, lakini ningeacha."

"Isingepona, Nesi. Hata ungeacha. Ilikuwa imeshaharibika tangu unainunua, mimi nilikuwa sina la kufanya." Nilisema haraka haraka, na ilikuwa kweli tupu, na nilijisikia kama nazungumza na benchi.

"Najua isingepona," alisema. "Wangapi hawakupona mikononi mwangu? Sikukuuliza umponye, baba. Ungeniambia hana muda, ningehesabu nina Jumamosi ngapi, ningefunga hivi vitu wiki hiyo hiyo. Ningehamia kwa dada akiwa bado ananijua."

Nilitaka kumwomba msamaha nikaona msamaha wenyewe mdogo, nikaacha, na mpaka leo sijui kama kuacha kulikuwa ni heshima au ni uoga ule ule. Konda akaanza kuita abiria wa Karema. Nilimbebea godoro na ndoo nikamkabidhi utingo aliyekuwa juu ya basi, nikarudi kumshika mkono apande. Ngazi ya kwanza ilimshinda, akapumzika ameegemea bega langu. Nikamuuliza, maana ilikuwa lazima niulize, dada anaendeleaje.

"Anakula vizuri. Mwili anao," alisema. "Nilikuwa huko juzi, nikakaa naye barazani mpaka jua linaingia ziwani. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba na mama yetu. Akasema hao watu anawafahamu, ni watu wazuri, na nikipata nafasi nisiache kupita kumsalimia."